Kontena la vitanda kuja Mtwara: eti Marekani wanasafirisha bure?

Kutoka: Dada wa Columbus

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Kuna hospitali hapa Ohio inafunga wodi, wametuambia tukitaka vitu tuje na lori. Tumeshavikagua: vitanda 12 vya umeme, viti vya magurudumu 20, magongo, maboksi ya glovu na nyuzi za kushonea, na mashine moja ya eksirei ya kusukuma. Vyote bure, ila viwe vimetoka mwisho wa mwezi ujao. Pa kuhifadhi tumepata gereji ya kaka mmoja wa Newala, ambaye mkewe ameshaanza kuuliza gari litalala wapi.

Tunataka vifike kwenye kituo cha afya kule kwetu, Mtwara vijijini. Nauli ya kontena ndiyo inayotutoa jasho. Sasa mtu kanitumia karatasi inasema serikali ya Marekani inabeba misaada bure kwa ndege za jeshi, na nyingine inasema USAID, shirika la misaada la Marekani, wanarudisha nauli ya meli. Ni kweli au ni habari za mitandaoni? Mjomba wa Shangani, wewe ulikaa huku miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Tafadhali usipite kimya.

Kutoka: Mjomba wa Shangani

Marahaba mpwa wangu. Sipiti kimya, ila naandika nikiwa barazani na umeme umekatika, kwa hiyo simu ikizima usidhani nimesusa.

Karatasi zako ni za kweli, zimechakaa tu. Huo wa ndege unaitwa mpango wa Denton, umepewa jina la Jeremiah Denton aliyekuwa seneta wa Alabama. Ndiye yule rubani aliyetekwa Vietnam, wakamweka mbele ya kamera mwaka 1966, naye akapepesa macho kwa alama za Morse na kutamka neno "mateso" waliomteka wasishtukie. Haihusiani na vitanda vyako, nimeikumbuka tu. Sheria yake ya mwaka 1985 inaruhusu shehena ya misaada kupanda ndege za jeshi la Marekani bila nauli, pakiwa na nafasi. Hapo kwenye nafasi ndipo pa kusoma mara mbili. Ndege inakwenda kwa shughuli zake, mzigo wako unadandia. Unaweza kuondoka upesi, unaweza kukaa miezi. Huyo shemeji yetu wa Newala hatavumilia.

Mzigo usipungue ratili 2,000, kama kilo 907 hivi. Vitu viwe vizima, uhitaji uwe wa kweli, uonyeshe vitagawiwaje huku, na visiishie kwa kikundi chochote cha kijeshi. Kuvifikisha kwenye kambi ya ndege ni juu yako, na kuvitoa uwanjani ni juu ya mpokeaji. Wala usitarajie ndege itue Mtwara ili kukufurahisha.

Ule wa meli haukuwa wa hela mkononi. Mashirika yaliyosajiliwa na USAID yalishindania ruzuku, yakalipa nauli yenyewe, kisha yakadai kurudishiwa. Kikundi cha wana Kusini chenye kamati ya watu watano na daftari la michango hakikuwa na mlango pale hata enzi zile. Na tangu Julai 1, 2025, USAID haiendeshi tena misaada, shughuli zilizobaki zimehamia Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Fomu yoyote yenye nembo yao usiijaze kabla hujampata ofisa wa kukuhakikishia kuwa bado inapokelewa. Na hata huo wa Denton, USAID walikuwa na mkono wao katika kupitisha maombi, kwa hiyo anza kwa kuuliza nani anapokea sasa.

Ningekuwa wewe ningetafuta shirika kubwa la vifaa tiba hapo hapo Marekani, lile lenye ghala na mafundi, linalopeleka makontena Afrika kila mara. Wape vitanda vyenu, changieni nauli, ombeni mzigo uelekezwe Mtwara. Jina la chama chenu halitaandikwa ubavuni mwa kontena. Najua litawauma baadhi ya wajumbe, maana sisi na bango ni ndugu.

Lakini hayo yote ni safari ya baharini na angani. Kilichonikalisha hapa kuandika ni huku kwetu.

Nilipokuwa huko tulijaza kontena la futi 40. Nauli tulichanga, tukalipa, tukapiga picha. Kwenye bili ya shehena, ile hati ya mzigo ya meli, tukaandika mpokeaji ni kaka wa mwenzetu mmoja, kijana mwaminifu kabisa. Kumbe forodhani mtu binafsi mwenye vitanda vya hospitali ni mfanyabiashara mpaka aonyeshe vinginevyo. Meli imeshafunga gati ndipo tunaanza kutafuta barua: ya kituo, ya mganga mkuu wa wilaya, ya mkurugenzi. Mwenye kusaini yuko semina. Amerudi, muhuri umefungiwa kabatini. Siku za bure zikaisha, storeji ya bandari ikaanza kuhesabu, na wenye kontena nao wakaanza kuhesabu yao. Tulichokuja kulipa kilikaribia nauli yote ya meli.

Na ukitaka kuona tulichokilipia, njoo nikupeleke. Kitanda kimoja kiko barazani pa kliniki hadi leo, kimekwama miguu juu. Mota yake ilizoea volti 120 za huko, hapa ukutani zinatoka 230. Kilichomekwa siku ya makabidhiano, mgeni rasmi amesimama na hotuba mkononi. Kikainua upande wa miguu taratibu, watu wakapiga makofi, kikatoa harufu kama ya maganda ya korosho yanayoungua, kikatulia hapo hapo. Siku hizi kina mama waliokuja kupima watoto wanakalia upande wa chini, upande ulioinuka wanaegemeza vikapu. Muuguzi mmoja amekishonea kitambaa cha kanga.

Kwa hiyo kabla hujanyanyua kitanda hata kimoja, pata barua. Mganga mfawidhi aandike wanachohitaji, kwa idadi, na ipite halmashauri. Mpokeaji kwenye bili awe taasisi, ama halmashauri yenyewe ama shirika lililosajiliwa huku, lenye TIN, yaani namba ya mlipa kodi. Maombi ya msamaha wa ushuru yaanze TRA, mamlaka ya mapato, kupitia ejenti wa forodha wakati mzigo bado uko kwenu. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina jedwali la vitu vinavyosamehewa, na ejenti mzuri analijua kama anavyojua njia ya kwao. Ila msielewe vibaya: msamaha ni wa kodi. Bandari, wenye meli, ejenti na mwenye lori wote wanadai chao.

Vifaa tiba na dawa vinataka kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kabla havijaingia. Eksirei iacheni huko, maana hiyo inakwenda hadi kwa Tume ya Nguvu za Atomiki, na sidhani kama kituo chenu kina chumba cha kuiweka wala mtu wa kuiendesha. Nyuzi na glovu someni tarehe boksi kwa boksi. Kwa dawa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba zikifika ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Na nawaomba sana msijazie nafasi kwa nguo zilizokwisha kuvaliwa. Mtu anatupia furushi "lisiende tupu", ndani mna nguo za ndani za mitumba ambazo zimepigwa marufuku, sasa kontena zima linapekuliwa kwa ajili ya sidiria tatu.

Mwisho, ulizeni wenye meli bili inaishia Dar au inafika bandari ya Mtwara. Msimu wa korosho meli zinakuja hapa, gati letu linachangamka. Ikiishia Dar kuna kama kilomita 560 za lori, na masika barabara hii haina ahadi. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, ilikatika upande wa Kilwa tukabaki kama kisiwa.

Kutoka: Kijana wa Nachingwea, Nagoya

Shikamoo mjomba. Nami nichangie kidogo.

Huku Japani serikali ina ruzuku ndogo za miradi ya wananchi, na ndani yake wanaweza kugharamia usafirishaji wa vitu vilivyotumika, kama magari ya zimamoto, magari ya wagonjwa na viti vya magurudumu. Tofauti yake na Marekani ni kwamba anayeomba ni mpokeaji, halmashauri au shirika la huko nyumbani, kwa ubalozi wao ulioko Dar. Sisi wa huku kazi yetu ni kutafuta mji wenye gari la kutoa. Halafu gari la wagonjwa la huku usukani uko kulia kama kwetu. La Marekani litakuja na usukani kushoto, dereva wa halmashauri atapishana na lori Mingoyo akiwa haoni mbele.

Kutoka: Dada wa Columbus

Ahsanteni sana. Mjomba, nimepiga simu kituoni usiku wa jana (kwao asubuhi). Mganga mfawidhi ni dada mpole, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Dada, vitanda tunavyo. Magodoro hatuna." Wanavyo vitanda vya chuma, sponji zimeliwa na panya. Anahitaji magodoro yenye ngozi ya kufutika, mashine za presha, na kitanda kimoja cha kujifungulia. Viti vya magurudumu anavitaka, hata vyote 20, atagawana na zahanati za jirani.

Nimeona aibu. Tumeshatengeneza fulana zenye picha ya kitanda.

Sasa tukiacha vitanda na eksirei, mzigo hautimizi kilo 907. Hiyo Denton basi imetutoka?

Kutoka: Mjomba wa Shangani

Imetutoka, na usiililie. Viti 20 na mashine za presha havijazi kontena, tafuteni watu wa kuchangia nao kontena, mlipe kwa ujazo wenu. Mashine za presha chukueni za kupampu kwa mkono. Magodoro msibebe kabisa, yanatengenezwa hapa hapa nchini. Tumeni hela, tutalipia na risiti nitaibandika hapa wote muione, maana nawajua wajumbe wa kamati yenu.

Fulana zivaeni tu.

Jumatatu naenda halmashauri na orodha ya huyo mganga. Nitakaa kwenye benchi mpaka barua isainiwe, nimeshajua kabati la muhuri liko wapi. Kitanda cha kujifungulia kama hospitali ile wanacho cha kuzungusha kwa mkono, kichukueni. Kama ni cha umeme, nipigie picha kile kibati cha nyuma palipoandikwa volti kabla hamjakipakia popote.

Umeme umerudi, ngoja nichaji.