Mrejesho: mbao za kabati la kupaka rangi nyeupe

Wakuu, niliuliza nitumie mbao gani kwa kabati la vitabu la kupaka rangi nyeupe. Asanteni sana kwa majibu.

Nilifuata ushauri wa kuchanganya: MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi) milangoni, mbao za paini kwenye fremu. Milango imetoka laini kabisa, hakuna hata alama ya nyuzi. Kazi iko kwenye kingo, zinakunywa rangi balaa. Nilizipaka praima (rangi ya msingi ya kutanguliza), nikapiga msasa laini namba 220, nikarudia, ndipo zikatulia.

Paini imefaulu nusu. Vifundo vya mbao (sehemu matawi yalipoota) nilivyopaka praima ya maji pekee vimetoa madoa ya manjano juu ya rangi. Vile vilivyotangulizwa shelaki (aina ya vanishi inayozuia utomvu wa vifundo usipenye), kama mmoja wenu alivyosisitiza, bado ni vyeupe. Vilivyobaki navikwangua nivipake shelaki pia.