Asili ya visasili vya Georgia

Msomaji wa Kasarani: Ndugu zangu, nimesoma kisa cha Amirani, shujaa wa Georgia aliyefungwa minyororo katika milima ya Kaukazi kwa kumpinga Mungu. Je, kimetoka kwa Wagiriki?

Mwalimu, Buruburu: Si lazima, ndugu yangu. Wagiriki wenyewe walisimulia kwamba Prometheus, shujaa wao aliyeiba moto wa miungu, alifungwa huko huko Kaukazi. Kinachonigusa zaidi ni mbwa wa Amirani, anayeulamba mnyororo hadi unakaribia kukatika, ndipo wahunzi wanapogonga fuawe zao nao unakaza upya.

Mama Wambui: Uajemi nao usisahauliwe, kwani wataalamu wengi hulihusisha jina la Armazi, mungu mkuu wa Mtskheta, mji mkuu wa kale wa Georgia, na Ahura Mazda, mungu mkuu wa Waajemi wa kale. Hata baada ya Ukristo kupokewa katika karne ya 4, Wasvani, watu wa milima ya Georgia, waliendelea kumsimulia Dali, bibi wa wanyama wa milimani mwenye nywele za dhahabu, ambaye ndiye mama yake Amirani.