Ekari 60 Same, katikati ni magadi: ninunue au niache?

Mzee wa Bucha
Wakuu salaam. Nina bucha Tabata na ng'ombe wangu nawachukua mnadani Pugu kama wengine wengi. Bei za mnada zimenichosha, nataka eneo langu la kunenepesha. Nimepata ekari 60 wilayani Same, tambarare ya magharibi, kule ambako mvua inaishia kwenye milima ya Upare na chini wanabaki kuisikia tu. Bei anayotaja mwenye eneo ni ya chini mno, mpaka unajiuliza kuna nini.

Kilichopo ni hiki. Kama ekari 25 za katikati ni vipara vitupu. Ardhi ya kijivu, ngumu, ukiikanyaga kwa kisigino inalia. Nilikwenda mvua ya vuli imenyesha jana yake: juu maji yamesimama, meupe meupe hayataki kutulia, lakini nilipochimba kidogo tu kwa jembe nikakuta vumbi kavu. Pembeni, kwenye miti ya migunga na miswaki, majani yapo na mazuri tu.

Dalali anasema ni chumvi kidogo, masika mawili yataiosha, nipige trekta nipande majani. Sijatoa hata shilingi. Nimechota udongo nikapeleka maabara ya chuo cha kilimo SUA, Morogoro, majibu haya hapa (CEC na sodiamu ni kwa cmol/kg):

Kwenye kipara, sentimita 0 hadi 30: pH 9.4, EC 0.9 dS/m, CEC 22, sodiamu 7.1
Chini ya miti, kina hichohicho: pH 8.1, EC 0.4 dS/m, CEC 24, sodiamu 1.3

Anayejua kuzisoma naomba anifafanulie kwa lugha ya muuza nyama. Nilifikiria pia kuchimba lambo palepale kwenye kipara, maana majani hayapo, sipotezi kitu.

Mtoto wa Mwenge
Hayo magadi mkuu. Nunua uanze kuuza kwa wapika maharage 😂

Afisa Udongo Mstaafu
Mwanangu, umefanya jambo la maana kupima kabla ya kulipa, na zaidi kutenganisha kipara na penye majani. Wengi huchanganya udongo wote kwenye ndoo moja, majibu yanatoka ya wastani yasiyohusu kokote.

Gawanya sodiamu kwa CEC, yaani jumla ya nafasi za kushikia madini kwenye chembe za udongo: 7.1 kwa 22 ni asilimia 32. Mpaka unaotumika sana ni asilimia 15. Ukivuka hapo na pH ikiwa juu ya 8.5, huo ni udongo wa sodiamu. Chini ya miti ni asilimia 5 tu, hakuna neno. Sasa tazama EC, kipimo cha chumvi iliyoyeyuka. Udongo wa chumvi chumvi huanzia 4, wako haujafika hata 1. Kwa hiyo dalali anakupa dawa ya ugonjwa mwingine.

Tofauti yake ni kubwa. Kwenye udongo wa chumvi, chumvi yenyewe inazishikiza chembe za mfinyanzi pamoja, maji yanapenya, na ukiwa na maji mazuri unaiosha. Kwenye wako chumvi iliyoyeyuka ni kidogo, lakini sodiamu imeng'ang'ania kwenye chembe zenyewe. Mvua ikinyesha, chembe zinaachana na kuelea, ndiyo maji meupe uliyoyaona, kisha zinaziba vijitundu vyote. Juu dimbwi, chini vumbi. Jua likiwaka linabaki gamba ambalo mche wa nyasi hauwezi kulipasua. Maji ya mvua hayana kalsiamu ya kuzirudisha pamoja, kwa hiyo kuosha peke yake kunazidisha tatizo. Hiyo pH ya 9.4 nayo inakuambia kuna kaboneti ya sodiamu, magadi kweli kama alivyosema kijana wa Mwenge, na kwenye pH hiyo mmea unapata zinki na chuma kwa shida.

Ukirudi, fanya jambo dogo. Chukua donge kavu la ukubwa wa punje ya njegere, liweke taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge wala usiitikise. Rudi baada ya saa mbili. Likiporomoka tu huku maji ni safi, huo ni udongo dhaifu wa kawaida. Likizungukwa na wingu la maziwa, ni sodiamu. Halafu chimba shimo la mita moja pembeni ya kipara. Ukikuta nguzo ngumu zenye vichwa vya mviringo, kama mikate ya boflo iliyosimamishwa wima, hilo ndilo tabaka ambalo mizizi inafika na kugeuka. Hapo trekta ni marufuku. Plau itageuza tabaka baya lije juu na lile zuri kidogo ulilokuwa nalo liende chini.

Dada Agro
Nakubaliana na mzee. Niongeze kuhusu jasi (jipsamu), maana lazima mtu ataitaja. Kitaalamu ndiyo dawa: kalsiamu ya jasi inaing'oa sodiamu, inatoka salfeti ya sodiamu ambayo maji yanaishusha chini. Na jasi ipo jirani kabisa, inachimbwa Makanya, hukohuko Same. Viwanda vya saruji vinaitumia.

Ila piga hesabu. Kuondoa cmol 1 ya sodiamu (kile kipimo cha majibu yako) kwa kilo ya udongo kwenye kina cha sentimita 30 kunakula karibu tani moja na nusu ya jasi safi kwa ekari. Wewe unataka kushuka kutoka 7.1 hadi kama 2.2 hivi, yaani kama cmol tano. Hiyo ni tani 7 na kitu kwa ekari, mara ekari 25 ni zaidi ya tani 180. Bado maji. Lita moja inayeyusha jasi gramu mbili na nusu hivi, kwa hiyo kuyeyusha tani 7 kwenye ekari moja kunataka maji ya kina cha sentimita 70. Hata tukisema kwenye udongo wa sodiamu jasi huyeyuka vizuri zaidi, mvua ya huko kwa mwaka haifiki hapo, na nyingi inakimbia juu au inapaa na jua. Kwenye skimu ya mpunga yenye mfereji na mitaro ya kutoa maji, sawa, inalipa. Kwenye malisho ya kutegemea mvua, nyama yako haitarudisha hiyo hela.

Fundi Dari
Samahani wakuu, mabaki ya bodi za jipsamu za dari hayafai? Hapa Sinza kila saiti tunatupa viroba kwa viroba.

Dada Agro
Kaka, kiini chake ni jasi kweli, yakisagwa na karatasi ikatolewa yanafanya kazi. Lakini tani 180 za mabaki ya dari utazikusanya mpaka uzeeke. Kwa tuta la mchicha uani, jaribu.

Mchungaji wa Ruvu
Nyie mnaongea kama kipara ni kaburi. Sisi tunaochunga tunajua ng'ombe wanavipenda vipara kuliko hayo majani marefu. Pembezoni mwake huota nyasi fupi, hizo za jamii ya Sporobolus, tamu kwao, na udongo wenyewe wanaulamba. Shida inaanzia hapohapo: wanashinda pale, wanakanyaga, wanakata mpaka mzizi, kipara kinapanuka kila kiangazi. Mwenye eneo amechunga bila kupumzisha, ndiyo maana ekari 25.

Nilichokiona kikifanya kazi ni rahisi. Kata matawi ya miba, funika kipara, anza na kingo na usianze katikati. Miba inazuia kwato, inashika mbegu na takataka zinazopeperushwa, inapunguza nguvu ya tone la mvua. Lingine ni boma la kuhama: laza ng'ombe juu ya kipara siku kadhaa mpaka samadi ijae, kisha hamisha usirudi. Mahame ya maboma ya zamani tazama yalivyo kijani. Kipara hakitageuka bustani, lakini kitapungua.

Afisa Udongo Mstaafu
Mchungaji kasema kweli, na samadi ikioza inatoa hewa ukaa inayosaidia kuyeyusha chokaa iliyomo ardhini, kama ipo, itoe kalsiamu. Dondosha siki kwenye donge. Likitoa povu, ipo. Ukipanda, nyasi za Rhodes zinavumilia sodiamu kuliko nyingi. Tawanya mbegu juu ya samadi chini ya matawi, usilime.

Fundi Malambo
Nimesoma uzi wote nikisubiri mtu aguse lambo, hakuna. Mzee wa Bucha, USICHIMBE HAPO. Udongo unaoyeyuka hivyo ukiufanya tuta, maji yanapata ufa mdogo tu, yanabeba chembe moja moja, ndani kunatoboka handaki na nje huoni kitu. Asubuhi moja unakuta tuta limetoboka upande wa pili na maji yamekwenda. Mara nyingi hutokea lambo linapojaa kwa mara ya kwanza. Na hata lisipotoboka, maji yatabaki ya tope miezi na miezi, chembe hazitui.

Tafuta mfinyanzi usiotoa wingu kwenye ile glasi ya mzee, huko kwenye miti. Donge la kila shimo lijaribiwe kabla greda halijawashwa. Ikikulazimu kutumia udongo huo, tuta lishindiliwe likiwa na unyevu, tabaka kwa tabaka, na jasi ichanganywe kwenye tuta. Kwa kazi hiyo jasi ni kidogo na inalipa.

Mzee wa Bucha
Shikamoo wazee wangu, na asanteni wote. Nimerudi kwa mwenye eneo kwa simu. Nimemwambia nalipia ekari 35, hizo 25 aweke kama nyongeza, la sivyo tuishie hapo. Amenuna lakini hajakata simu. Lambo nahamishia kwenye miti. Anasema pia kuna kisima kirefu cha jirani, maji nitauziwa, naweza hata kumwagilia majani. Hilo likoje?

Dada Agro
Kabla ya kumwagilia, pima maji: sodiamu, kalsiamu, magnesiamu na baikaboneti. Visima vingi vya kanda hiyo ya kaskazini vina baikaboneti ya sodiamu, ukimwagilia unatengeneza vipara kwenye zile 35 nzuri. Pima na floraidi. Kwa watu kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, na mchungaji wako atakunywa hayohayo. Waangalie meno watoto wa jirani, yakiwa na madoa ya kahawia umeshapata nusu ya jibu.

Mchungaji wa Ruvu
Na hela isitoke kabla serikali ya kijiji na mkutano mkuu hawajathibitisha kwa maandishi kwamba hizo 60 si malisho ya pamoja. Vipara vya aina hiyo mara nyingi viko kwenye njia ya ng'ombe wa kijiji kizima kwenda maji, na hao hawataacha kupita kwa sababu wewe umelipa.