Mpwa wangu wa miaka 13 anacheza tenisi Arusha, aache shule aende akademi ya nje?

MjombaWaNjiro:
Wakuu habari za jioni. Nina mpwa wangu wa kike, ana miaka 13, yuko form one, anacheza tenisi hapa Arusha tangu mdogo na saivi kwa rika lake hapa mjini hakuna anayemsumbua, hadi wavulana waliomzidi miaka miwili anawafunga. Sasa kuna mtu kamwambia dada yangu kwamba mtoto akiendelea na shule ya kawaida atachelewa, kuna akademi ya nje inamchukua ila ada yake si mchezo, na dada yuko tayari kuuza kiwanja cha Usa River. Mimi sijakataa ila roho inasita. Wanaoujua huu mchezo, hivi maisha ya mchezaji wa kulipwa yanaendaje, pesa inaanza kuingia lini, na huyu mtoto miaka hii afanye nini? Naomba ukweli mtupu maana kiwanja kikishauzwa hakirudi.

MwalimuWaKoti:
Mkuu kwanza kiwanja kikae palepale. Nafundisha watoto tenisi huku Moshi miaka mingi, ngoja nikueleze ngazi zilivyo. Akishafika 13 anaruhusiwa kuingia mashindano ya vijana ya ITF, yaani shirikisho la tenisi la dunia, yanaanzia J30, J60, J100 hadi J500, ile namba ndo pointi anazobeba bingwa. Huko hakuna pesa kabisa, ni pointi tu, na nauli, hoteli, chakula vyote juu yenu. Akivuka hapo anaingia kwenye ya kulipwa, ngazi ya chini wanaita W15, maana yake mfuko mzima wa zawadi ni dola 15,000, wanagawana wote waliocheza, bingwa anaondoka na dola elfu mbili na kitu na aliyetolewa raundi ya kwanza hafikishi hata 200, bado kodi haijakatwa, bado hujalipa kamba za raketi ambazo mchezaji wa kiwango hicho anakata kila mara. Sasa fikiria kaenda Monastir kule Tunisia, ambako yanachezwa mfululizo wiki baada ya wiki, kakaa mwezi mzima na kila wiki anatoka raundi ya kwanza.

Pesa ya kujikimu kweli inaanza ukikaribia 100 bora duniani. Droo ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote kama Wimbledon, ni watu 128 na wengi wao wanaingia kwa renki, Wimbledon ya 2025 mtu aliyefungwa mechi yake ya kwanza tu alilipwa pauni 66,000. Ila kati ya W15 na hapo kuna msitu, na wengi wanaishia humo sio kwamba hawajui kucheza, wanaishiwa nauli.

Mmachame_Original:
Naheshimu mwalimu ila sikubaliani na huu woga wetu. Kila siku mtoto wa Kitanzania anaambiwa shule kwanza halafu tunashangaa hatuna mtu. Fainali ya Wimbledon ya vijana, wasichana wawili wawili 2022, jirani yetu Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi waliwafunga Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko 3-6, 6-4, 11-9. Okutoyi baadae akaenda chuo Marekani. Mboko, ambaye wazazi wake ni Wakongo, hakwenda chuo akabaki kwenye tenisi, alianza 2025 akiwa nje ya 300 bora na Agosti hiyohiyo akachukua ubingwa wa Montreal akiwa na miaka 18, kwenye fainali kamfunga Naomi Osaka. Walikuwa uwanja mmoja miaka mitatu tu nyuma! Kama mtoto ana kipaji aachiwe akimbie.

DadaWaSakina:
@Mmachame_Original mfano wako mzuri sana ila malizia, Mboko nyuma yake kuna Kanada. Chama chao cha tenisi ndo wenye hayo mashindano ya Montreal na Toronto, pesa inayoingia inarudi kulea vijana, makocha, safari. Okutoyi alilelewa na bibi yake Nairobi, hakuwa na mfuko wa namna hiyo, kwa hiyo chuo kwake ndo kilikuwa chama, kocha yupo, gym ipo, daktari yupo, mechi kila wiki na hujalipa. Na hakupotea, Machi 2024 akiwa mwanafunzi wa chuo cha Auburn huko Marekani alienda Accra kwenye michezo ya Afrika akarudi na dhahabu ya singo, yaani mmoja kwa mmoja.

Mimi nimecheza tenisi ya chuo Marekani kwa skolashipu nikitokea hapahapa Arusha, sikufika popote kwenye renki za dunia ila digrii ninayo na sina deni. Mayar Sherif wa Misri kasoma chuo cha Pepperdine hukohuko Marekani, akamaliza, ndo akaingia mzigoni na 2022 akawa Mmisri wa kwanza mwanamke kuchukua taji la WTA, ile ligi kuu ya tenisi ya wanawake wa kulipwa. Kevin Anderson wa Afrika Kusini kapita chuo cha Illinois akaja kucheza fainali mbili za Grand Slam. Kwa watoto wa huku hii njia ndo ina mlango, na ufunguo wake ni matokeo ya form four, makocha wa vyuo wanaulizia masomo mapema kabisa. Ukimtoa shule leo umefunga huo mlango akiwa na miaka 13, inaniuma sana nikiona mtoto anafanyiwa hivyo.

Mmachame_Original:
Sawa dada nimekuelewa hapo kwenye Kanada. Ila Ons Jabeur wa Tunisia aliondoka nyumbani Sousse mdogo tu akaenda Tunis.

DadaWaSakina:
Alienda shule ya michezo ya serikali, asubuhi darasa mchana koti, hakuacha kusoma. Na angalia miaka yake, ubingwa wa vijana Roland Garros, ile Grand Slam ya Ufaransa, 2011, taji la kwanza la WTA Birmingham 2021. Miaka kumi! Halafu mwaka uliofuata akafika namba 2 duniani na fainali za Wimbledon na US Open. Hicho kiwanja kingelipa miaka mingapi kati ya hiyo kumi?

MjombaWaNjiro:
Nimesoma yote nimemsomea na dada, amekaa kimya muda mrefu. Anauliza basi saivi afanye nini, maana hapa mjini hana wa kumpa upinzani.

MwalimuWaKoti:
Mwambie upinzani upo Nairobi, kapandeni basi mpite Namanga mnafika siku hiyohiyo, kule vijana ni wengi na mashindano ya J30 huwa yanachezwa. Atafungwa mwanzoni, muache afungwe. Likizo mshusheni Dar pia, hili watu wa Arusha mnalisahau, mko kama mita 1,400 juu ya bahari na huko juu mpira unaruka haraka, hata sheria za ITF zina mpira wake maalum kwa sehemu zilizozidi mita 1,219. Mtoto aliyezoea kumaliza pointi kwa mipigo miwili akishuka pwani mpira unarudi tu, anaanza kukasirika. Ajifunze kukaa kwenye pointi ndefu angali mdogo.

Pasipoti ishughulikieni mapema, halafu mfungulieni ile namba ya usajili ya mchezaji, IPIN, kwenye tovuti ya ITF, bila hiyo hamuingii mashindano yao. Na kila mechi rekodini kwa simu, weka nyuma ya koti juu kidogo uonekane uwanja wote, zile video ndo makocha wa vyuo watakuja kuziomba.