Nilimpa fundi mchoro wa kitangi cha mafuta, yeye kanichomea sinia. Injini imekufa!

Assalaam aleikum wanajamvi. Wiki mbili nimesubiri hasira zipoe, hazijapoa, basi naandika hivi hivi.

Gari yangu ni Toyota ndogo ya miaka ya 1990, injini ya nozeli (mafuta yanapulizwa kwa shinikizo, haina kabureta), nguvu za farasi kama 150. Naivusha kwa boti kwenda bara kushindana kwenye lami. Ugonjwa wake wa siku nyingi ni huu: tangi likishuka chini ya nusu, ukiingia kona ndefu mafuta yote yanakimbilia upande mmoja, pampu inameza hewa, injini inakohoa. Mara ya kwanza niliuona nyumbani Pemba, barabara kongwe ya Chake kwenda Wete, kwa mwendo wa kawaida kabisa, mafuta yakiwa karibu kwisha. Sasa piga hesabu uwanjani inakuwaje.

Dawa yake inajulikana: kitangi cha pembeni, mafundi wa magari ya mashindano wanakiita saji tanki. Pampu ndogo inatoa mafuta tangi kubwa na kukijaza. Pampu ya shinikizo inavuta chini kabisa ya kitangi na kupeleka kwenye nozeli kwa shinikizo la baa 3 hivi. Mafuta yanayobaki kwenye reguleta, yaani kidhibiti cha shinikizo, yanarudi humo humo kitangini. Na pale juu kabisa, nasema JUU KABISA, panakaa tundu la kutolea ziada na hewa kurudi tangi kubwa. Tundu likiwa juu, kitangi kinakuwa kimejaa muda wote, na chombo kilichojaa hakina nafasi ya mafuta kuchezacheza.

Nikakaa usiku mbili nikachora. Silinda ya alumini, upana sentimita 10, kimo sentimita 25, inaingia lita 2 kasoro kidogo. Kila tundu nimeliandikia jina na mahali pake. Nikampelekea fundi mmoja hapa mjini anayesifiwa kwa kuchomelea alumini. Akautazama mchoro, akaubandika ukutani, akaniambia, "Kaka, njoo Alhamisi."

Alhamisi nakuta boksi. Urefu 25, upana 20, kimo sentimita 4! Namuuliza mbona hivi, ananijibu, "Lita ni zile zile, na hili linakaa vizuri zaidi kwenye buti." Tundu la ziada kaliweka ubavuni katikati, kwa sababu fitingi yake ilimpa tabu kukaa juu. Tundu la kuvutia kalipeleka pembeni kushoto. Boti nimeshalikatia tiketi, siku zimebaki mbili. Nikachukua. Hapo kosa ni langu, nalikubali.

Nikalijaribu mpaka Nungwi na kurudi, gari haikukohoa hata mara moja. Bila shaka haikohoi, yakhe, njia ile imenyooka! Kule uwanjani mzunguko wa tatu, kona ndefu ya kushoto, injini ikakohoa, ikagonga, ikazima. Kufungua: plagi ya silinda ya tatu nyeupe kama chaki, pistoni imeyeyuka tundu kichwani. Hewa nyingi, mafuta machache, joto likapanda, basi.

Kurudi Unguja namwonyesha pistoni. Unajua kanijibu nini? "Petroli ya bara chafu." Nikamwonyesha chujio, safi. Akageuza, "Basi unaendesha kwa fujo." Gari ya mashindano, bwana! Nimeilipia niiendesheje, kama nabeba harusi?

Nimepiga hesabu mwenyewe na naiweka hapa asije mtu akasema namsingizia. Tundu la ziada likiwa katikati ya ubavu, boksi halivuki nusu hata pampu ijaze vipi. Kwenye kona ile mvuto wa pembeni unafika kama 0.8 ya uzito wa gari. Uso wa mafuta unalala karibu digrii 39. Ndani ya boksi la kimo cha sentimita 4 mafuta yote yanarundikana kulia, na upande wa kushoto sentimita 10 za sakafu zinabaki KAVU. Na tundu la kuvutia liko wapi? Kushoto. Silinda yangu, hata ingekuwa nusu vilevile, upande wenye mafuta machache ungebakiwa na mafuta ya kimo cha sentimita 8 na nusu juu ya tundu. Lita ni zile zile, ndiyo. Umbo ndilo lililoua injini.

Na wala sikuhitaji mafuta mengi. Injini ya farasi 150 ikikanyagwa mpaka mwisho inakula kama lita 46 kwa saa. Kona ya sekunde 6 ni mililita 77, kikombe na nusu cha kahawa ya barazani. Kikombe na nusu! Ndicho nilichokosa.

Kitu kimoja alikipatia: mafuta ya reguleta aliyarudisha kitangini, hakuyapeleka tangi kubwa. Nampa haki yake. Lakini mipira ya kupitishia mafuta aliyofunga ni ya kabureta, ya shinikizo dogo, tena kwenye upande wa baa 3. Nimeikuta imeanza kupasuka na buti linanuka petroli, betri iko pale pale, na kati ya buti na mgongo wangu hakuna hata kipande cha bati cha kuzuia moto. Nikilifikiria hili silali. Pistoni inanunuliwa.

NYONGEZA, saa 4 usiku: wanaouliza mpira gani, tafuta wenye maandishi SAE J30R9, huo ndio wa magari ya nozeli. Na kabla hamjafunga kitangi chochote kipya, kioshwe ndani mpaka vumbi la alumini liishe, kisha kizibwe, kitiwe upepo kidogo tu na kuzamishwa kwenye ndoo ya maji. Changu kilitoa mapovu sehemu mbili za mshono. Nimepima baada ya injini kufa.

Fundi, najua wanao watakuonyesha uzi huu. Jina lako sijalitaja na sitalitaja. Nataka shilingi 180,000 zangu za kitangi, injini nitajijua mwenyewe. Na mchoro wangu uutoe ukutani kwako unirejeshee, nampelekea mtu mwingine Jumamosi.