Tanga waja leo waondoka leo, ila ukiingia vi huondoki

Wakuu, salamu baadaye. Leo nina hasira na naomba mniache nimalize kwanza.

Mimi ni karani wa tiketi pale stendi ya Kange. Utaalamu wa kompyuta sina, ila ofisini ndiye pekee niliyewahi kugusa Linux, mfumo unaoendesha seva yetu, kwa hiyo mfumo ukikohoa naitwa mimi. Vituo na nauli zetu vinakaa kwenye faili moja la maandishi huko kwenye seva, mstari mmoja kituo kimoja. Ijumaa bosi kaniambia ongeza Lushoto. Kazi ya dakika mbili! Nikaingia, nikaandika vi (kihariri cha maandishi cha humo) na jina la faili, likafunguka, nikagonga L-u-s-h-o-t-o. Mimi huandika nikitazama kibodi, sifichi. Nainua macho, Lushoto haipo. Mstari wa mwisho, ambao ulikuwa Horohoro, kule mpakani na Kenya, unasomeka hotoorohoro.

Hebu oneni kilichotokea, maana nimekuja kukijua baada ya kuumbuka. Ile L haikuandika chochote, ilinirusha hadi mstari wa chini kabisa kwenye skrini. u ikataka kutengua kosa, kosa halikuwepo. s ikaila ile H ya Horohoro na kunifungulia mlango wa kuandika. Hapo ndipo "hoto" ikapita. Yaani herufi zote saba zilitii amri. Mashine haikukosea hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nikafanya kama mtu yeyote aliyelelewa na Word: Ctrl na S. Kila kitu kikaganda. Nagonga herufi, kimya. Nagonga Esc, kimya. Dirishani abiria wananitazama, mama mmoja ananiuliza kama gari la saa nane limeshajaa. Kumbe kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, Ctrl+S kazi yake ni kusimamisha maandishi yasije kwenye skrini, na kufungulia ni Ctrl+Q. Nani alijua? Nikafunga dirisha zima kwa hasira.

Kufungua tena nikakutana na barua ndefu ya onyo yenye namba E325, ikinieleza kuna faili la muda lenye mkia wa .swp, nichague herufi moja katika kadhaa. Nikapeleka swali kwenye kundi la mafundi la WhatsApp. Mgosi, walicheka! Vikatuni vya machozi vikashuka kama mvua ya masika. Mmoja akajibu, "R halafu :wq." Nikatii. R ikaifufua kazi yangu yote, pamoja na hotoorohoro, na :wq, yaani hifadhi kisha toka, ikaihifadhi vizuri kabisa. Lile la .swp nalo halikufutika, kila nikifungua barua ni ileile.

Sasa malalamiko yangu hasa. Mwaka jana nililipia kozi ya wiki mbili. Siku ya vi, mkufunzi aliingia na karatasi mbili za fotokopi zimejaa amri mbele na nyuma, akasema, "Karirini, kesho jaribio." Tukakariri kama watoto wa chuoni wanaosoma juzuu bila kuuliza maana. dd, yy, dG, ZZ. Jaribio nilipata kumi na saba kwa ishirini. Lakini katika wiki mbili zile HAKUNA aliyetamka sentensi moja tu: kwamba kihariri hiki kina hali mbili kuu, ya amri na ya kuandika, na ukikifungua unaanzia kwenye amri, hivyo kila herufi ni rungu mpaka ubonyeze i. Ningeambiwa hilo tu, ile fotokopi ningefungia mihogo.

Aliyenisaidia ni binti wa mafunzo ya vitendo, hana hata mwezi ofisini. Kavuta kiti, kaniambia, "Kaka, usipojua uko wapi, Esc kwanza. Halafu hizi si herufi za kukariri, ni maneno. d ni kitendo, w ni neno, basi dw ni futa neno. Ukiweka c badala ya d, unabadilisha neno. d3w unafuta matatu." Dakika kumi. Akanionyesha na vimtutor, somo linalokuja na kihariri chenyewe, la kama nusu saa, unafanyia mazoezi humohumo. Nusu saa! Nami nililipia wiki mbili.

Na huyu binti kanifumbua jingine. Herufi zenyewe ni kumbukumbu za Kiingereza. Sisi ukitaka kufuta kidole kinakwenda f, kumbe f huku ni kutafuta herufi mstarini. Ukitaka kukata unagonga k, unajikuta umepanda mstari wa juu. Kunakili ni y, ya neno yank, ambalo hata kwa Mwingereza maana yake ni kuvuta kwa nguvu. Mkufunzi anayefundisha Waswahili hilo angelitaja siku ya kwanza.

Simlaumu aliyekitunga. Bill Joy alikiandika 1976 kule Berkeley, akiwa na modemu ya kobe, na kwenye terminali yake ya ADM-3A mishale ilichorwa juu ya H, J, K na L, huku Esc ikikaa ilipo Tab ya leo. Kwake kila kitu kilikuwa chini ya kidole. Wala simlaumu Bram Moolenaar, Mholanzi aliyetuletea Vim, yaani vi iliyoboreshwa, 1991, marehemu tangu 2023. Yule aliomba wanaoipenda programu yake wachangie watoto wa Uganda, hapo jirani tu. Andika :help uganda utaona. Watu wema. Hasira zangu ni kwa wanaofundisha, na kwa waliotukodisha seva: nimewaomba watuwekee nano, kihariri rahisi kisicho na hali mbili, wamenijibu "vi inatosha, ni kiwango." Kiwango cha nani, na mimi nina foleni dirishani?

Kwa hiyo naulizia mambo mawili. Kwanza, lile faili la .swp nilifute kwa mkono au kuna namna ya kistaarabu? Pili, mwenye karatasi ya Vim iliyopangwa kwa Kiswahili, vitendo upande mmoja na vitu upande mwingine, aitupie hapa.

Atakayekuja na "kariri tu" apite na uzi mwingine. Risiti za Jumamosi zilitoka zimeandikwa hotoorohoro, na kuna mzee alirudi dirishani akiuliza hicho kituo kipya kiko kabla au baada ya mpaka.