Isimila Iringa: tushuke na watoto na mama mtu mzima au tupite tu?

mama_wawili:
Habari zenu wakuu. Mwezi wa nane tunatoka Mbeya kwenda Dar na kagari ketu, mimi, mume wangu, watoto wawili (7 na 11) na mama yangu ambaye ni mtu mzima na magoti yanamsumbua. Kila tukikaribia Iringa naona kibao cha Isimila, lile korongo la kale lenye nguzo za mchanga, na kila mara tunapita tu, mume wangu anasema zile nguzo picha zake zimejaa kwenye simu sasa tushuke kufanya nini, safari bado ndefu. Mimi roho yangu inataka kushuka. Mliofika niambieni ukweli, kuna kitu zaidi ya picha? Inachukua mda gani? Na mama ataweza au atabaki kwenye gari?

Mwanakihesa:
Kamwene dada. Shukeni, tena bila kujiuliza mara mbili. Mkitokea Mbeya mkishapita Ifunda anzeni kuangalia kibao, ni kama kilomita 20 kabla ya Iringa mjini, mnaacha lami mnaingia kipande kifupi cha vumbi, gari dogo linafika bila shida kiangazi. Getini mnalipa kiingilio (mzawa analipa kidogo kuliko mgeni), mnapewa mtu wa kuwatembeza, na huyo msimkwepe maana bila yeye mtaona udongo mwekundu tu.

Kuna jumba dogo la makumbusho, kuna korongo la zana za mawe, alafu mnatembea kidogo mnafika korongo lenyewe la nguzo. Mama ataingia makumbusho vizuri tu, na nguzo ataziona akiwa juu ukingoni. Kushuka chini ndo kuna mteremko, kwa magoti mabovu simshauri, mwachieni kiti kivulini na mtu mmoja akae naye mpishane zamu. Ila wewe na watoto SHUKENI. Kuangalia kwa juu na kusimama chini katikati ya nguzo yenye mita 10 ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwa yote hayo tengeni masaa mawili.

dereva_mstaafu:
Mimi nilifika pale saa saba mchana nikakuta jua kali, nikapiga picha nikaondoka. Kwa kweli sikuona cha kumchelewesha mtu na safari ya Dar, bado mlima wa Kitonga hujashuka, bado Mikumi na matuta yake. Mume wako ana hoja.

Mwanakihesa:
Mzee wangu shikamoo, saa saba ndo saa mbaya kuliko zote, jua likiwa utosini nguzo hazina kivuli, zote zinaonekana bapa rangi moja. Njoo saa mbili asubuhi au saa kumi jioni uone ule wekundu unavyowaka na kila mfereji uliochimbwa na maji unavyoonekana. Ni sehemu ileile lakini utadhani umepelekwa kwingine.

mwl_historia:
Naomba nichangie maana hapa napeleka wanafunzi na kila mara naumia watu wakisema "nguzo tu". Nguzo ni nusu ya habari. Zamani sana pale palikuwa na maji, kama ziwa dogo au vidimbwi, na watu wa kale walikuwa wanakaa pembeni wanawinda na kuchuna wanyama. Mawe yao ya kukatia, tunaita shoka za mkono, yakabaki pale yakafunikwa na mchanga na matope tabaka juu ya tabaka. Umri wake unakadiriwa kama miaka 260,000. Alafu baadae sana maji ya mvua yakaanza kulikata lile bonde, sehemu laini ikaondoka, sehemu iliyokuwa na kofia ya tabaka gumu juu ikasimama, ndo hizo nguzo. Kwahiyo mvua ileile iliyochonga nguzo ndiyo iliyofukua zana! Zilianza kuokotwa na mtu aliyejua ni nini mwaka 1951, na wachimbaji wa mambo ya kale wakaja kufanya kazi kubwa 1957 na 1958, wakakuta mpaka mifupa ya kiboko wa aina ambayo leo haipo tena, macho yake yalikuwa yametokeza juu sana.

Watoto wako wa 7 na 11 wafanyie hivi. Wakiwa chini waambie wachague mstari mmoja wa vijiwe uliogandamana kwenye nguzo, alafu waufuate kwa macho mpaka nguzo ya pili na ya tatu na ukuta wa korongo. Utakuta mstari upo usawa uleule kote. Hapo mtoto anaelewa mwenyewe, bila wewe kusema neno, kwamba hapa katikati palikuwa na ardhi nzima na imeondoka yote. Nimeona darasa zima linanyamaza alafu maswali yanafumuka huwezi kuyazuia. Na kwenye zana wakipewa ya kushika waangalie ukingo, umebanduliwa vipande upande huu na upande huu mpaka ukawa mkali, jiwe haliwezi kujipasua lenyewe hivo.

Ombi langu kubwa ni moja: wasipande nguzo na wasikwangue majina. Ule ni mchanga uliogandamana, unabanduka kwa ukucha. Na jiwe lolote chini msiweke mfukoni hata kama ni dogo, likitoka pale limepoteza maana yake yote.

binti_kilifi:
Mie niko Kenya, kwetu kuna Marafa huko juu ya Malindi, watu wanaiita pia Nyari, korongo la mmomonyoko vilevile ila rangi ni nyeupe, pinki na chungwa kwa pamoja. Wazee wanasimulia kulikuwa na familia tajiri mno mpaka wanaoga maziwa, Mungu akakasirika ardhi ikawameza. Na sisi tunawaambia wageni waje jioni, kwahiyo huyo wa Kihesa asemalo ni kweli. Vaeni raba, si sandali, changarawe zinateleza.

mama_wawili:
Asanteni sana jamani, mume wangu nimemsomesha yote haya amekaa kimya alafu akauliza tulale wapi 😀 Sasa tukilala Iringa mjini jioni ile, asubuhi turudi Isimila au kuna kingine karibu?

Mwanakihesa:
Lalaaa mjini, ila beba sweta mwezi wa nane asubuhi baridi ya kwetu haina utani. Asubuhi saa mbili muwe Isimila, mkitoka rudini mjini mpite Kalenga, ni njia ya kwenda Ruaha, karibu tu, kuna makumbusho ya Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Pale mama atakaa, hakuna mteremko, na wazee wa kule wanapenda kuongea na wazee wenzao. Mkimaliza mchana mnaianza Kitonga na mwanga upo wa kutosha. Mjaze maji ya kunywa mjini, kule korongoni msitegemee duka.